Anaona ninapouficha mdoli, lakini anautafuta kwingine

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Nina mtoto wa kiume wa miezi 9 na nusu, kifungua mimba wangu. Ni mzima, mcheshi, ananyonya vizuri na anakaa bila kuegemezwa. Kutambaa kwa mikono na magoti bado. Anajiburuza kwa tumbo kidogo, kisha anachoka na kulala kifudifudi.

Hivi karibuni nimeanza kucheza naye mchezo wa kuficha. Natandika vitambaa viwili mbele yake, naweka mdoli wake mdogo chini ya kitambaa cha kushoto huku ananitazama, naye anafunua na kuutoa. Akiupata tunapiga makofi wote wawili.

Kinachonitia hofu ni hiki. Akishaupata kushoto mara mbili tatu, nauhamishia chini ya kitambaa cha kulia, polepole, mbele ya macho yake kabisa. Anakwenda kushoto vilevile! Anafunua, hakuna kitu, anabaki kunitazama. Cha kulia hakigusi. Nikiuacha mdoli uchungulie kidogo pembeni ya kitambaa, hakosei. Nikiufunika wote, anapotea.

Wifi yangu ana binti aliyepishana na mwanangu kwa siku chache tu. Yeye anatambaa nyumba nzima, na mchezo huu anauweza. Wifi kaniambia mwanangu "hashiki mambo", na kwamba dawa yake ni kumnunulia kigari cha magurudumu, kile ambacho mtoto anakalishwa katikati na kujisukuma kwa miguu, maana hata binti yake alianzia humo. Baba mtoto anasema nisubiri, lakini naye nimemkuta akimjaribu kwa siri.

Tena tangu nirudi kazini analia sana nikitoka chumbani, hata nikienda bafuni tu. Alipokuwa na miezi minne hakujali. Sasa sielewi: kama hawezi kukumbuka mdoli kwa sekunde chache, mbona mimi ananikumbuka? Au anadhani nimepotea moja kwa moja? Je, kurudi kwangu kazini ndiko kumemharibu?

Nimekuwa nikimfanyisha mazoezi ya vitambaa asubuhi na jioni. Siku hizi akiviona tu anageuza uso. Nisaidie Shangazi. Kumbukumbu yake ina kasoro? Nimpeleke kwa daktari?

Mama mwenye wasiwasi

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile unalolingoja. Kwa haya uliyoyaeleza, sioni kasoro ya kumbukumbu. Mwanao anafanya kosa ambalo watafiti wa makuzi ya watoto wamelichunguza kwa zaidi ya miaka 80, na analifanya katika umri uleule linapotarajiwa, yaani kati ya miezi 8 na 12.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwatazama watoto wake watatu kwa subira ya ajabu, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1937 kuna kisa ambacho ukikisoma utadhani alikuwa amekaa nyumbani kwako. Binti yake Jacqueline ana miezi 10, ameketi juu ya godoro. Baba anachukua kasuku wa kuchezea, anamficha chini ya godoro upande wa kushoto. Mtoto anamtoa. Anamficha tena palepale, mtoto anamtoa tena. Safari hii anamhamisha taratibu hadi upande wa kulia, na Jacqueline anafuatilia kwa makini. Kasuku anapotoweka tu, binti anageukia kushoto. Kushoto, kulia, mara mbili kisha kuhamisha: ni mchezo wako uleule. Wifi akirudia kusema mtoto hashiki mambo, msimulie hilo.

Piaget mwenyewe alilieleza kosa hili kwamba, kwa mtoto wa umri huo, kitu bado kimefungamana na tendo lililokipata. Mdoli si mdoli tu, ni "kile kinachotokea nikifunua pale". Maelezo hayo yalitawala kwa miongo mingi. Kwa maoni yangu yaliwapunja watoto, kwa sababu Piaget alipima kumbukumbu yao kwa kutazama mikono, na mikono ya mtoto huchelewa kuonyesha anachokijua.

Sikiliza haya sasa, maana ndiyo yatakayokutuliza. Mwaka 1986 Bruce Hood na Peter Willatts waliwaonyesha watoto wa miezi 5 kitu, kisha wakazima taa. Gizani, watoto wale walinyoosha mikono kuelekea upande kilipokuwa kitu. Mwaka 1989 Renée Baillargeon na wenzake huko Marekani waliwakalisha watoto wa miezi 8 watazame tu, bila kutakiwa kutafuta chochote. Kitu kiliwekwa sehemu moja kati ya mbili, kikazibwa wasikione, muda ukapita, ndipo mkono ukaja kukitoa. Kilipotolewa upande ambao hakikuwekwa, watoto walikodoa macho muda mrefu zaidi kuliko kilipotolewa upande wake. Walifanya hivyo hata baada ya kusubiri sekunde 70. Ni zaidi ya dakika nzima, mwanangu, na ni watoto wadogo kuliko wako. Kwa hiyo kumbukumbu ya mahali ipo. Swali ni kwa nini mkono hauitii.

Aliyenisaidia kulielewa hilo ni Adele Diamond. Katika utafiti alioutoa mwaka 1985, aliwafuatilia watoto 25 katika nusu ya pili ya mwaka wao wa kwanza, akiwapima kila baada ya wiki mbili kwa mchezo unaofanana na wako. Jambo alilolipima kwa makini ni muda wa kusubiri: sekunde zinazopita tangu kitu kifichwe hadi mtoto aruhusiwe kunyoosha mkono. Wakiwa na miezi 7 na nusu, hata kusubiri kwa chini ya sekunde 2 kuliwafanya wakosee. Walipofikisha mwaka, ilibidi wasubirishwe zaidi ya sekunde 10 ndipo wakosee. Kwa wastani, uwezo ulipanda kwa sekunde 2 hivi kila mwezi. Lakini huo ni wastani. Watoto wa umri mmoja walitofautiana sana, na wote walikuwa watoto wazima wasio na tatizo. Hapo ndipo mwanao na binti ya wifi walipo. Wewe hukunieleza unamsubirisha kwa muda gani. Ukiuficha, ukanyoosha kitambaa vizuri, ukamwambia "haya, uko wapi?", kisha ukavisogeza vitambaa karibu naye, tayari umekula sekunde kadhaa, na kwa umri wake hizo ni nyingi.

Kazi anayotakiwa kuifanya kichwani ni mbili kwa mpigo. Kwanza aendelee kushikilia kwamba mdoli uko kulia, ingawa hauonekani. Pili auzuie mkono usiende kushoto, mahali ulipofanikiwa muda mfupi uliopita. Wewe mwenyewe ukihamia nyumba mpya, usiku mkono wako hupapasa ukutani mahali swichi ilipokuwa katika nyumba ya zamani, na huku unajua kabisa umehama. Kwa mtu mzima, sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, huurudisha mkono huo haraka. Kwa mtoto wa miezi 9 sehemu hiyo ndiyo kwanza inaanza kuunganika. Mwaka 1989 Diamond na Patricia Goldman-Rakic walionyesha kwamba hata kima waliokomaa walioharibiwa sehemu hiyo ya ubongo hufanya kosa hilihili, ilhali bila jeraha hilo hawalifanyi. Ndiyo maana mazoezi ya asubuhi na jioni hayawezi kuliondoa kwa wiki moja. Linalosubiriwa ni ukuaji wa ubongo.

Nina ombi moja. Mkicheza tena, usiutazame mkono wake, yatazame macho yake. Diamond aliona kwamba mara nyingine mtoto huangalia upande sahihi huku mkono ukielekea upande mwingine. Ukiliona hilo hata mara moja, hofu yako itapungua kuliko kwa maneno yangu yote haya.

Linda Smith na Esther Thelen waligundua jambo jingine, nalo mimi hulipenda mno. Katika utafiti waliouchapisha na wenzao mwaka 1999, mtoto alitafuta upande wa kwanza akiwa amekaa, kisha kabla ya kitu kuhamishwa alisimamishwa kwenye mapaja ya mzazi. Kule kubadili mkao tu kulipunguza kosa kwa kiasi kikubwa. Maelezo yao ni kwamba mwili nao una kumbukumbu: mkono umezoea njia fulani ukiwa katika mkao fulani, na mkao ukibadilika ile njia haivuti tena sana. Si kila mtafiti anakubaliana nao kwamba hilo linatosha kueleza kila kitu, ila nyumbani unaweza kulijaribu bila gharama yoyote.

Na yale makofi? Usiyaache. Lakini ujue kwamba mwaka 2008 watafiti wa Hungaria, wakiongozwa na József Topál, waliona watoto wa miezi 10 hukosea zaidi pale anayeficha anapowatazama usoni, kuwatabasamia na kuwaita. Aliyeficha akiwa amegeuka pembeni, makosa yalipungua sana. Wao walisema mtoto huchukulia uso na sauti yako kuwa somo: "mama ananifundisha kwamba mdoli hukaa hapa". Kama ndivyo, basi sehemu ya kosa la mwanao inatokana na kukusikiliza kwake.

Sasa vitambaa. Simamisha mazoezi leo. Mtoto anayegeuza uso amekwambia kwa lugha aliyonayo kwamba mchezo umekuwa mtihani. Kaa siku kadhaa bila kuuficha mdoli wowote, na mwambie baba yake pia aache kumpima kwa siri. Acheze naye hadharani, ni haki yake. Mkirudia, tumia vifuniko visivyofanana, mathalani kitambaa cha rangi iliyokoza na bakuli, kwa kuwa pande mbili zikifanana kabisa mtoto anakosa cha kushikilia. Ukishaficha, mwache anyooshe mkono hapohapo. Kabla ya kuhamisha, mwinue, msimamishe, mchekeshe, mrudishe. Akikosea, usimwache na kitambaa kitupu akikutazama. Fungua upande wa pili, mwonyeshe, mcheke pamoja. Mara mbili tatu zinatosha, basi.

Kuhusu kutambaa na kigari, wifi yako hakutunga kila kitu, na ni vizuri umjibu kwa haki. Mwaka 1988 Rosanne Kermoian na Joseph Campos waliwalinganisha watoto wa miezi 8 na nusu. Wenye uzoefu wa kutambaa kwa mikono na magoti walitafuta vizuri zaidi vitu vilivyofichwa kuliko wasioweza kusogea wenyewe, na waliokuwa wamezoea kigari nao walifanya vizuri. Wanaojiburuza kwa tumbo, kama wako, walikuwa karibu zaidi na wale wasioweza kusogea. Yaelekea kujiburuza kunawala nguvu na umakini wote, hata hawana nafasi ya kuangalia wanakokwenda. Unaona basi kwamba tofauti ya watoto wenu inaweza kuelezeka kwa magoti tu. Anayezunguka analazimika kufuatilia vitu viko wapi, kwa sababu kila akisogea, cha kushoto kinakuwa cha kulia. Aliyekaa mahali pamoja hajapata sababu ya kujisumbua hivyo.

Lakini kigari usinunue. Hapa sitapepesa maneno. Kinampa mtoto mwendo ambao hana akili ya kuudhibiti, anafika kwenye ngazi, kwenye moto au kwenye maji ya moto kabla hujageuka. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimekuwa kikiwahimiza wazazi wasivitumie. Wala hakimharakishi mtoto kutembea. Mpe sakafu safi, mlaze kifudifudi akiwa macho na mwenye furaha, weka mdoli mbali kidogo na mkono unapofika. Magoti yatakuja. Na umshauri wifi kwa upole kuhusu cha kwake, maana binti sasa anatambaa na hana haja nacho.

Sasa lile la kulia ukitoka, ambalo nadhani ndilo linalokuuma zaidi.

Kurudi kazini hakujamharibu. Watoto wengi huanza kulilia wazazi karibu na miezi 8, wa mama aliye kazini na wa mama aliye nyumbani vilevile. Alipokuwa na miezi minne hakujali kwa sababu ulipotoka machoni hukukaa sana katika fikra zake. Sasa unakaa. Anajua kwamba upo mahali fulani na kwamba angeweza kuwa nawe. Asichokuwa nacho ni kipimo cha muda: "mama anarudi baada ya dakika tano" ni wazo lisiloingia bado. Hivyo hakuna mgongano kati ya mdoli na wewe. Kote anakumbuka, kwa mdoli anashindwa kuuongoza mkono, kwako anashindwa kusubiri. Usitoroke kwa kunyata akiwa amegeukia pembeni, kwa kuwa hapo unamfundisha kwamba unaweza kutoweka wakati wowote. Muage kwa maneno machache yaleyale kila siku, hata kama atalia, kisha nenda. Ukiwa bafuni, ongea naye kwa sauti akusikie. Na mchezo wa kuziba uso wako kwa viganja na kuibuka tena uchezeni mnavyotaka, huo hauchoshi.

Kosa la vitambaa viwili litafifia kwa kawaida mwanao akikaribia mwaka au akiuvuka kidogo. Halafu yatakuja mengine, na nakwambia mapema usije ukaniandikia kwa hofu tena. Ukificha kitu ndani ya kiganja, ukapitisha kiganja chini ya kitambaa na kukiacha humo bila yeye kukiona, huenda asikipate hadi karibu miezi 18. Na hata watoto wa miaka 2 na nusu, katika utafiti wa Judy DeLoache wa mwaka 1987, walioonyeshwa mdoli ukifichwa ndani ya mfano mdogo wa chumba, walishindwa kuutafuta mahali hapohapo katika chumba chenyewe, wakati wa miaka 3 waliweza. Kukumbuka kitu kiko wapi ni kazi inayojengwa kwa miaka.

Daktari? Kwa kosa hili pekee, hapana. Orodha ya makuzi ya CDC, kituo cha kudhibiti na kuzuia magonjwa cha Marekani, inataja kwamba kufikia miezi 9 watoto wengi hutafuta kitu kilichoanguka wasikione, na kufikia mwaka hutafuta kitu walichokuona ukikificha. Wako tayari anafanya hilo la pili, anafunua kitambaa na kutoa mdoli, kabla ya muda wake. Kama alizaliwa kabla ya wakati, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Mpeleke bila kusubiri iwapo hafuatilii kwa macho kitu kinachosogea, hageuki akisikia sauti au jina lake, upande mmoja wa mwili unafanya kazi zaidi ya mwingine, au ameacha jambo alilokuwa analiweza. Mpeleke pia kama atatimiza mwaka na hatafuti kitu chochote ulichokificha mbele yake. Ukienda kliniki kwa chanjo au kumpima uzito, mweleze mhudumu kwamba anajiburuza kwa tumbo na kuchoka upesi, amwangalie misuli na nyonga, kisha mwulize maswali yako yote bila aibu.

Shangazi